Neno "get" la Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimefundisha Kiingereza cha jioni kwa watu wazima miaka mingi: makarani, wauguzi, mafundi, na dereva mmoja wa lori ambaye mtamkuta hapa chini. Neno lililoleta maswali mengi kuliko yote si refu wala gumu kutamka. Lina herufi tatu tu. Haya ni maswali yanayorudi kila muhula, na machache ya pembeni nimeyaweka mwisho.

## Mambo ya msingi

Hivi *get* maana yake nini hasa?

Ukitaka jibu la neno moja, hakuna. Ukitaka jibu la sentensi moja: *get* husema kwamba mtu au kitu kimetoka hali moja kikaingia nyingine. Hukuwa na barua, sasa unayo: *I got a letter*. Ulikuwa mkavu, sasa umelowa: *I got wet*. Ulikuwa Ubungo, sasa uko Kariakoo: *I got to Kariakoo*. Ulikuwa huelewi, sasa unaelewa: *I get it*.

Hali yenyewe ni ipi, hilo utaambiwa na neno linalofuata. Likiwa nomino, mara nyingi ni kupokea, kununua au kuleta. Likiwa kivumishi, ni kugeuka kuwa hivyo. Likiwa mahali, ni kufika. Kwa hiyo ukikutana na *get*, usilikodolee macho lenyewe, mtazame jirani yake wa kulia.

Mbona shuleni tulifundishwa kuwa *get* ni kupata?

Hamkudanganywa. Hata kupata kwenyewe kuna upana ambao hatuuoni kwa sababu tumekulia humo. Kwenye simu tunaulizana "Unanipata?" na hakuna anayefikiria mali. Tunasema "nilipata kumfahamu", na Mwingereza husema karibu vilevile: *I got to know him*. Hiyo *get to* ikifuatwa na kitenzi ni kupata nafasi au bahati ya kufanya jambo, kama ilivyo kwetu.

Shida ni kwamba maneno haya mawili hukutana njiani, hayaishi nyumba moja. *Get* hufika ambako kupata hakufiki: *it's getting dark* ni giza linaingia, hakuna anayepata kitu hapo. Na kupata nako huenda ambako *get* haliendi, na huko ndiko tunakoumbuka. Tazama sehemu ya "Kupata kunapotuponza".

Ndilo neno lenye maana nyingi kuliko yote katika Kiingereza?

Hapana, ingawa limo katika kundi la mbele. Katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, la mwaka 1989, ingizo refu kuliko yote lilikuwa la kitenzi *set*: maana zaidi ya 430, katika maelezo ya maneno yapatayo 60,000. Wahariri walipokuwa wakiipitia upya kamusi hiyo, mwaka 2011 *run* likashika kileleni kwa maana zaidi ya 600, tena kama kitenzi tu.

Kabla hatujawacheka, tumhurumie mgeni aliyeambiwa kuwa piga ni kuchapa, halafu akasikia kwamba mwenyeji wake amepiga mswaki, akapiga pasi shati, akapiga simu, akapiga picha, na jioni akapigiwa hodi.

Limetoka wapi?

Kwa watu wa Skandinavia, wale Waviking walioivamia Uingereza kisha wengi wao wakalowea upande wa kaskazini na mashariki kuanzia karne ya 9. Kwao lilikuwa *geta*. Kiingereza cha Kale kilikuwa na ndugu wa neno hilo, lakini aliishi ndani ya maneno marefu tu, na g yake ilitamkwa kama y. Ndiyo maana *get* lina g nzito: ni matamshi ya wageni. Nduguye wa kienyeji hajafa kabisa, tutamkuta katika swali la mwisho.

## *Get* mbele ya vitenzi vyetu

Tofauti ya *I'm tired* na *I'm getting tired* ni nini?

Hapa Kiswahili kinakusaidia kuliko kitabu chochote. "Nimechoka" ni *I'm tired*. "Naanza kuchoka" ni *I'm getting tired*. Ile -me- yetu haisemi tu kwamba jambo limetokea, inasema kwamba hali imeshatulia na ndiyo uliyo nayo sasa. Anayeifasiri kwa kanuni ya darasani huandika *I have tired*, na anayesoma hubaki akikuna kichwa.

Jaribu mwenyewe: amezeeka, anazeeka, nimelowa, nalowa, wamekasirika, wanazidi kukasirika. Upande wa kwanza Mwingereza anatumia *be*, upande wa pili *get*. Sababu yake ni kwamba Kiswahili kina kitenzi kamili kwa karibu kila badiliko la mwili na hali: choka, lowa, lewa, zeeka, nenepa, potea, tajirika. Kiingereza mara nyingi kina kivumishi tu, na kivumishi hakitembei peke yake. *Get* ndilo punda wake.

Basi naweza kusema *I got a doctor* kwa maana ya "nimekuwa daktari"?

Hapana. Hapo umempata daktari, pengine umemwita nyumbani. *Get* hukubali kivumishi (*get rich, get old*), lakini likifuatwa na nomino hurudi kwenye kupokea na kuleta. Kwa cheo au kazi tumia *become*: *I became a doctor*.

*I got married*: huyu ameoa au ameolewa?

Kiingereza hakisemi na wala hakijali. Mfasiri wa Kiswahili analazimika kujua msemaji ni nani kabla hajaandika neno, na nimewahi kumwoza mwanamume mmoja kwa kukurupuka: nilidhani jina lake ni la kike. Jambo jingine la kuangalia ni kihusishi. Sisi tunaoana *na* mtu, kwa hiyo wengi huandika *married with*. Ni *married to*.

Nimeibiwa simu. Kwa nini *I was stolen my phone* ni kosa?

Kosa hili ni la Afrika Mashariki nzima na linaeleweka linakotoka. Kauli yetu ya kutendwa humweka mbele aliyeumia: nimeibiwa simu, nimefiwa na baba, nimenyeshewa na mvua. Kwa Kiingereza kinachoibwa ni simu, si wewe. Ukisema *I was stolen* umetekwa nyara.

Sema *my phone got stolen* au *my phone was stolen*. Ukitaka kubaki wewe mbele, iko njia: *I got my phone stolen*, ingawa masikioni mwa wengine ina harufu ya uzembe wako mwenyewe, kwamba uliiacha mezani. *I was robbed* pia ipo, lakini hiyo ni kuporwa, kwa nguvu au vitisho. Kati ya *got stolen* na *was stolen*, ya kwanza ni ya mazungumzo na huwa na kijimkosi ndani yake. Kwenye taarifa ya polisi andika *was*.

Kwa nini mwalimu anasema *I cut my hair* si sahihi? Si nimenyoa?

Yule dereva aliingia darasani siku moja kichwa kinang'aa, akasema *Teacher, I have cut my hair*. Nikamwuliza kama alijinyoa mwenyewe mbele ya kioo. Akashangaa: kwani nani anajinyoa?

Kiswahili humwacha fundi nje ya sentensi. Tunajenga nyumba bila kushika mwiko, tunashona suti bila kugusa cherehani, na hakuna anayetuita waongo. Kiingereza hutaka ijulikane kwamba kazi ilifanywa na mwingine: *I got my hair cut, I got a suit made, I got the car fixed*. Mpangilio haubadiliki: *get*, kisha kitu, kisha kitenzi katika umbo lake la kutendwa. Tunayo dalili ya jambo hili katika "nimeshonesha nguo" na "nimetengenezesha gari", basi ukitaka kukumbuka, kila penye -esha ya namna hiyo weka *get*.

Ni kweli Waingereza wenyewe huteleza, na utamsikia mmoja akisema *I cut my hair* akiwa ametoka saluni. Kwenye mtihani usimwige.

Na *get someone to do something*?

Ni kumfanya mtu atende jambo kwa kumshawishi, kumbembeleza au kumlipa. *I got the mechanic to check the brakes*: fundi alikuwa na shughuli zake, nikamwomba hadi akaja. *Make* ni kumlazimisha: *I made him check the brakes*. Angalia ile *to*: *get* haliachani nayo, *make* haliitaki.

## Kupata kunapotuponza

Nimepata ajali ni *I got an accident*?

*I had an accident*. Vilevile amepata mtoto ni *she had a baby*. Ukisema *she got a baby*, inasikika kama alimwokota au alimnunua. Lakini amepata mimba ni *she got pregnant*, kwa sababu *pregnant* ni kivumishi. Kupata nafuu ni *get better*, kupata usingizi ni *get some sleep*, kupata fahamu ni *come round*. Haya yanatakiwa kushikwa moja moja.

Kwa nini wanacheka nikisema *I got him sleeping*?

Kosa hili nalisikia zaidi kwa ndugu zetu wa Kenya, maana kwao "nilimpata amelala" ndiyo lugha ya kila siku. Mtanzania angesema "nilimkuta". Kiingereza ni *I found him sleeping*. *Find* ndiyo kukuta, hata kama hukuwa ukimtafuta.

Nikifika niseme *I have reached*?

Utaeleweka Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na hata Mumbai. London watasubiri umalizie: umefika wapi? *Reach* kwao hudai kutajiwa mahali. Wao wangesema *I'm here*, au *I got here an hour ago*. Kumbuka kwamba *home, here* na *there* hazitaki *to*: *get home*, si *get to home*. "Nafikaje Posta?" ni *How do I get to Posta?*

*Get well soon* ni "ugua pole"?

Kwa matumizi, ndiyo. Kwa fikra, zimepishana kabisa. Mwingereza anamwambia mgonjwa atoke haraka kwenye ugonjwa. Sisi tunamwombea augue taratibu, ugonjwa usimkamie. Katika meseji za kwetu za Kiingereza utaona zaidi *quick recovery*. Si kosa, ila mwenye lugha yake angeandika *get well soon*.

## Vijineno vinavyofuata

Kwa nini lazima kuwe na *up*, *on*, *off* na kadhalika? Nani alivitunga?

Hakuna aliyevitunga, kama ambavyo hakuna aliyetunga mikia ya vitenzi vyetu. Tazama: pata, patia, patana, patikana, patanisha. Mzizi ni ule ule, mkia umebadilika, maana imehama. Kiingereza kinafanya hivyo hivyo, ila mkia wake umekatwa ukawekwa pembeni kama neno. Patana ni *get along*. "Nipatie maji" ni *get me some water*. Mtu anayeamini kwamba patana lazima aanze kulifikiria kutoka "pata" atachelewa, na ndivyo anavyochelewa anayetaka kuelewa *get over* kwa kuunganisha vipande viwili. Lichukue zima.

*Get in* gari au *get on* gari?

Chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake ni *get on* na *get off*: basi, treni, meli, ndege. Gari dogo unaloingia kwa kuinama ni *get in* na *get out*. Bodaboda na baiskeli ni *on*, kwa kuwa unakaa juu. Daladala na matatu ni *on*, hata zile ambazo ukisimama kichwa kinagonga bati.

Kenya watu wengi husema *alight*: *I'll alight at the next stage*. Ni Kiingereza safi, lakini kwingineko neno hilo limebaki kwenye matangazo ya stesheni. Katika mazungumzo ni *get off*.

*Get over*, *get by*, *get away with*: nianze na ipi?

Hizo tatu hasa, kwa sababu hazibashiriki. *Get over* ni kupona, ugonjwa au machungu: *she never got over him* ina maana hadi leo moyo haujamtoka huyo bwana. *Get by* ni kubangaiza, siku zinakwenda. *Get away with* ni kufanya kosa ukasalimika: mwizi kakimbia, mwanafunzi kaibia mtihani na hakukamatwa. Sina neno moja la Kiswahili kwa hiyo ya tatu.

Baadaye ongeza *get through*, ambalo ni kulivuka jambo gumu na pia kumpata mtu kwenye simu, na *get around to*, kupata wasaa hatimaye kwa jambo ulilokuwa ukiliahirisha.

Wameniambia *we'll get back to you*. Watarudi lini?

*Get back* peke yake ni kurudi, lakini *get back to someone* ni kumpa mtu jibu baadaye. Baada ya usaili wangu wa kwanza wa kazi niliambiwa hivyo, nikakaa nyumbani karibu wiki mbili nikiamini kuna mtu atakuja. Nilifagia uwanja kila asubuhi. Kwa uzoefu wangu, mwenye usaili asipotaja siku, anza kutuma maombi kwingine.

## *Got*, *gotten* na *gotta*

*Gotten* ni kosa?

Kwa Uingereza ya leo hawalitumii, na shule zetu hufuata Uingereza, kwa hiyo mwalimu atalipigia mstari. Lakini si uharibifu wa Wamarekani kama wengi wanavyodai. Ni umbo la zamani lililovuka bahari na walowezi katika karne ya 17, likadumu huko huku Uingereza wakiliacha. Mabaki yake bado wanayo katika *forgotten* na *ill-gotten*, kama mali ya haramu.

Mmarekani hulitumia kwa akili. *I've got a car* kwake ni nina gari. *I've gotten a car* ni nimepata gari. Mwingereza husema *I've got* kwa zote mbili, na anayesikiliza ajijue.

Kwa nini *I've got* ni "nina" wakati *got* ni la wakati uliopita?

Rudi kwenye ile -me- ya *I'm tired*. Ukishapata, unacho. Waingereza wamelichukua umbo la "nimepata" wakalifanya "nina", na sasa hawasikii tena kupata ndani yake.

Na *gotta*?

Ni *got to* iliyotamkwa kwa haraka: *I've gotta go*, lazima niondoke. Usiliandike popote penye saini yako. Ukisikiliza Wamarekani, t katikati ya irabu hulainika mpaka karibu na d au r yetu, ndiyo maana *get up* masikioni mwetu huwa "gerap".

## Ofisini na mtaani

Naweza kutumia *get* kwenye barua ya kazi?

Si mwiko, ila huko lina nguo za nyumbani. Andika *receive* kwa kupokea, *obtain* kwa kupata kibali, *become* kwa kuwa, *arrive* kwa kufika. Watu wetu wengi wana tatizo la upande wa pili: Kiingereza walikitoa kitabuni, kwa hiyo hata kwenye chai wanasema *I obtained this shirt in Mombasa*. Hapo *got*, tafadhali.

*I get you* na "nakupata" ni kitu kimoja?

Karibu sana, na vijana wa Nairobi wameshaondoa mpaka wenyewe: *nimekuget*. Angalia tofauti ndogo. "Nakupata" kwenye simu ni kusikia sauti, ambayo kwa Kiingereza ni *I can hear you*. *I get you* ni kukuelewa, *I've got you* ni nimekushika usianguke, na *you've got me there* ni kwamba swali lako limenishinda.

*Get lost!* ni tusi?

Ni "potelea mbali", karibu neno kwa neno, na ukali wake ni huo huo. *Get out!* ni toka, lakini kati ya marafiki, ukiwa umetoa habari ya kushangaza, ni "acha wee!" Usikusanye virago kabla hujamtazama usoni.

## Ya pembeni

Natengeneza tovuti. GET ya huko ni hii hii?

Ni hii hii, kwa maana ya "niletee". Kivinjari huiambia seva: niletee ukurasa fulani. Toleo la kwanza la HTTP, yaani lugha ambayo kivinjari na seva huzungumza, la mwaka 1991, lilikuwa na amri hiyo moja tu. Fomu ikitumwa kwa GET, ulichoandika huonekana kwenye anwani ya ukurasa, kwa hiyo nywila usiipitishe huko, tumia POST, amri nyingine isiyoweka ulichoandika kwenye anwani.

Nimesoma kuhusu *get* ya Wayahudi. Imehusianaje?

Haihusiani. Hiyo ni hati ya talaka ambayo mume humkabidhi mke katika sheria ya dini yao, na neno ni la kwao. Zimefanana sura tu, kama paa wa porini na paa la nyumba.

Je, *forget* lina *get* ndani yake?

Ndiyo, na huyu ndiye yule ndugu wa kienyeji niliyemtaja mwanzoni, ambaye baadaye alikopa g ya wageni. *For-* ya zamani ilibeba maana ya kuharibika au kutoka, na *-get* ni kushika. Kusahau kwao, kwa asili, ni kuachia kilichokuwa mkononi. Bibi yangu hakujua neno hata moja la Kiingereza, lakini jina likimpotea alikuwa akifungua kiganja na kusema, "Limenitoka."